Bwana Kama-Ilivyo Apeleka Simu ya Mwisho

Jumatano ya tarehe 31 Agosti 1955, baada ya miaka thelathini na miezi sita ya utumishi, Bwana Msabaha bin Mwinjuma, mpokea simu za maandishi wetu hapa posta, alifunika kitufe chake cha kugongea kwa kile kitambaa cha kijani ambacho hajapata kukibadilisha, akavaa kofia, akatoka. Leo Jumamosi tumekusanyika kumuaga. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Majaliwa bin Hija wa dirisha la stempu, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja tangu mwaka 1931, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, nina maneno mengi. Hilo la pili sikulipenda, ila sikuweza kulikana.

Nilipomwuliza mwenyewe angependa niseme nini juu yake, alinijibu kwa maneno mawili: kama ilivyo. Vijana mnaofanya kazi nasi mnajua kuwa jibu hilo ndilo lililompa jina mjini. Ukimwulizia Bwana Msabaha, watu watakuuliza Msabaha yupi. Ukisema Bwana Kama-Ilivyo, utapelekwa mpaka mlangoni. Wengi wenu mnadhani ni jina la mtu mkavu, asiyependa mazungumzo. Mimi nilimjua kabla hajaitwa hivyo, na kila nikilisikia jina hilo moyo hunisuta. Leo, kwa ruhusa yake na ya mtu mwingine nitakayemtaja, nitaeleza kwa nini.

Alizaliwa Zinga. Kwa hesabu ya serikali ilikuwa mwaka 1903. Kwa hesabu ya mama yake ilikuwa msimu ule lilipoungua paa la jikoni. Baba yake, Mzee Mwinjuma, alilima minazi na mihogo, na alitaka mwanawe awe mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwana akapenda ngoma. Alikuwa mpigaji wa kutajika wa ngoma ya beni, na ndiyo maana posta ilipotafuta vijana wenye mikono myepesi wakajifunze simu Dar es Salaam, yeye alikuwa wa kwanza kuitwa. Mkufunzi aligonga meza kwa kidole, akamwambia arudie. Msabaha akarudia, kisha akaongeza madoido yake mwishoni, kama walivyozoea kwenye beni. Akaambiwa kwamba kazini madoido hayatakiwi. Alipenda kutusimulia kisa hicho huku akicheka, siku zile alipokuwa bado anacheka kazini.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi yake, ni hivi. Simu ya maandishi huja kwenye waya kwa milio mifupi na mirefu. Mpokeaji husikiliza, huandika herufi kwa herufi, hutia karatasi ndani ya bahasha, na bahasha hupelekwa kwa mwenyewe. Mwenyewe hutia sahihi kwenye kitabu cha makabidhiano. Kanuni ni tatu tu na zimebandikwa ukutani: isiongezwe, isipunguzwe, ifike mkononi mwa mwenyewe. Mtu angedhani ni kazi nyepesi.

Ila ninyi mnatujua watu wa pwani. Sisi maneno hatuyapeleki yakiwa matupu, huyavisha kwanza. Kuna siku Husseni wa Zinga alikuja dirishani na pesa za kulipia maneno kumi tu, akitaka kumwarifu kaka yake aliyeko Dar es Salaam kwamba makuti yako tayari, alete lori. Akaanza kusema, Msabaha akiandika: asalaam aleikum kaka, hujambo, shemeji hajambo, watoto hawajambo, sisi hatujambo. Msabaha akaweka kalamu chini, akamweleza kwamba kumi zimetimia na makuti hayajapakiwa. Akamshauri apunguze salamu. Husseni akauliza kwa hasira apunguze nani, shemeji au watoto? Simu ikaenda vile vile, salamu tupu. Siku ya pili lori likafika Zinga. Kaka mtu alisema kwamba Husseni hajapata kumpigia simu ya kumsalimu tu tangu azaliwe, kwa hiyo alijua makuti yako tayari.

Tulicheka mwezi mzima. Na bibi mmoja wa Kaole, aliyekuja kupeleka habari mbaya kwa mkwewe, alimwomba Msabaha agonge polepole ili habari isimshtue mtu huko iendako. Msabaha hakumcheka. Aligonga polepole, bibi akishuhudia. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na huruma na kila mtu aliyesimama mbele ya lile dirisha, na huruma hiyo ilimpendezesha kwa watu kuliko karani yeyote aliyepata kukaa pale, mimi nikiwamo.

Basi nije kwenye habari yenyewe. Huku kwetu mtu haandiki kifo. Hatusemi fulani kafa kwa mtu aliye mbali, peke yake, amesimama na karatasi mkononi. Tunaandika kwamba hawezi, yaani mgonjwa, aje. Mwenye kupokea anaelewa, na wanaomzunguka wanaelewa kabla yake. Katika miaka yangu sita ya kwanza pale posta sikumbuki simu hata moja ya hawezi ambayo mgonjwa wake alikutwa hai. Ilikuwa adabu yetu, na ilifahamika pwani nzima kuanzia huku hadi Tanga.

Bwana Msabaha aliipokea adabu hiyo, akaiongezea ya kwake. Simu za namna hiyo hakumwachia tarishi. Alipanda baiskeli mwenyewe. Akifika hakubisha hodi na bahasha mkononi. Alisalimu, akaomba maji ya kunywa, akakaa, akamwomba mwenye nyumba awaite wazee na majirani. Wakishajaa barazani ndipo alipomwambia mfiwa, kwa maneno mazuri, akiwa amezungukwa na watu wake. Karatasi ilibaki mfukoni. Hakuna aliyeitaka, nani atake kushika kitu kama kile? Sahihi alikuja kuichukua baada ya matanga. Kanuni za ukutani zilisema vingine, lakini mji mzima ulimsifu, na mimi nilimsifu kuliko mji mzima.

Jumatano ya tarehe 11 Agosti 1937, kabla ya adhuhuri, ilikuja simu kutoka Pangani. Ilikuwa ya Bi Ashatu, mke wa Salumu mkulima wa Kaole, na mpelekaji alikuwa Ausi, kaka yake. Maneno yalikuwa manne: MAMA HAWEZI NJOO UPESI. Msabaha alipomaliza kuandika alinigeuzia karatasi. Nikaisoma, nami ndiye niliyesema, "Masikini, Bi Ashatu kafiwa na mama yake." Msabaha akaitikia kwa kichwa, akachukua baiskeli. Ninaliandika hilo hapa kwa sababu katika miaka kumi na minane hii hajanitaja hata mara moja. Kila alipoulizwa alisema kosa ni lake. Lakini lilitoka kinywani mwangu kwanza.

Mjue pia jambo hili, ndipo mtaelewa ukubwa wake. Bi Ashatu na mama yake, Bi Mwanamvua, walikuwa hawasemezani kwa miaka miwili. Bi Ashatu alikuwa ameolewa Kaole bila mama kupendezwa, wakarushiana maneno makali siku ya kuagana, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtumia mwenziwe hata salamu. Mtoto wa Kiislamu aliyeachana na mama yake hivyo ana jambo moja tu analolitaka duniani, nalo ni radhi. Jirani zake wanasema hakuipitisha wiki bila kusema kwamba mavuno yakiisha atakwenda Pangani kuiomba.

Msabaha alifika Kaole, akanywa maji, wazee wakaja. Akamwambia, "Bi Ashatu, mama ametutangulia. Sote ni wa Mwenyezi Mungu." Bi Ashatu alilia kilio ambacho Msabaha alituambia jioni ile kwamba hajapata kukisikia. Hakulia kufiwa tu. Alilia kwamba mama kaondoka na kinyongo.

Salumu, mumewe, aliuliza kama waondoke mara moja. Wazee wakamjibu, na ninyi mngemjibu hivyo hivyo, kwamba maiti huzikwa siku ile ile; kufika hawatafika, basi waweke matanga hapa hapa na waende Pangani kwenye arobaini. Asubuhi ya Alhamisi palikuwa na chombo kinachokwenda Pangani, na nafasi zilikuwapo. Hakuna mtu wa Kaole aliyepanda. Bi Ashatu alikuwa amekaa ndani, kajifunika kanga, anapokea rambirambi. Siku ya tatu ikasomwa hitima. Msabaha na mimi tulihudhuria, tukala pilau.

Jumatano iliyofuata, tarehe 18, Pangani ikaita tena. Nilikuwa nahesabu stempu, nikasikia kalamu ya Msabaha imesimama. Akagonga kuwaomba warudie. Wakarudia. Maneno yalikuwa manne vile vile: MAMA AMEKUFA JANA ALIKUNGOJA. Ausi hakuweka adabu safari hii. Alikuwa amemwita dada yake upesi, chombo kikaja bila yeye, akakaa wiki nzima akimdanganya mgonjwa kwamba Ashatu yuko njiani, na hasira ikamfanya aandike kifo kwa jina lake.

Mama alikuwa mgonjwa. Ndivyo simu ya kwanza ilivyosema. Alikuwa mgonjwa, alikuwa hai, na aliishi siku sita zaidi, wakati sisi tunamsomea hitima.

Msabaha alisimama. Alichukua baiskeli lakini hakuipanda; nilimwona barabarani anaikokota mpaka akapotea. Simu ile aliipeleka kama kanuni inavyosema: bahasha, mkononi, sahihi. Salumu ndiye aliyeisoma. Sijui mengine yaliyotokea barazani pale, wala sijapata kumwuliza. Najua aliporudi alikaa kwenye kiti chake, akaniambia neno moja tu kuhusu ile simu ya kwanza. Akasema ilikuwa na upesi, Majaliwa. Anayekufa kwetu anazikwa leo leo, hakuna anayemwambia mtu wa mbali afanye upesi. Upesi ni neno la mtu aliye hai. Tulikuwa nalo mbele ya macho yetu, na tulilipita kama mtu apitavyo salamu.

Mwezi wa Oktoba alichukua likizo, likizo pekee aliyoichukua katika miaka thelathini, akaenda Pangani. Alimweleza Ausi kila kitu, kwamba dada yake hakukataa kuja, na kwamba kosa ni la mpokea simu. Ausi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza jinsi mgonjwa alivyokuwa akiinua kichwa kila mlango ulipolia, na kwamba siku ya mwisho, alipoona hakuna anayekuja, alisema maneno haya: Ashatu radhi zangu anazo.

Fikirini furaha ya Msabaha. Alirudi na dawa ya kidonda alichokisababisha. Alishuka chomboni, hakupita hata kwake kumsalimu mkewe, akaenda moja kwa moja Kaole na kumwambia Bi Ashatu. Naye Bi Ashatu alimjibu maneno ambayo Msabaha aliniambia mara moja tu, na sitayasahau: "Ulinambia kafa, naye yu hai. Leo unanambia kaniridhia. N'jue lipi?"

Msabaha alikuwa ameleta neno la kweli, lakini alilileta kwa mdomo ule ule. Bi Ashatu hakumtukana wala hakumlaani. Alimpa maji ya kunywa, kama mgeni yeyote, kisha akaendelea kupeta mchele. Ausi alifariki kwa homa mwaka uliofuata, kabla ndugu hao wawili hawajaonana, na neno la radhi likabaki kwa Msabaha peke yake, mtu ambaye mwenye kulihitaji hakuweza kumwamini. Tangu hapo Bi Ashatu hajafika dirishani petu. Barua zake huja na kwenda kwa mikono ya majirani.

Ndipo alipozaliwa Bwana Kama-Ilivyo. Aliacha beni. Aliacha kuomba maji. Alikabidhi bahasha, akangoja sahihi, na aliyemwuliza maana ya simu yake alijibiwa kwamba maana yake ni kama ilivyo. Watu waliona kiburi kimemwingia. Wako waliosema posta imemharibu. Mimi nilikaa kimya nikiuza stempu, na kimya hicho ni mojawapo ya mambo ninayoyajutia.

Hata hivyo, ukavu ule ulimfaa mtu. Mwaka 1944, wakati wa vita, Mina wa Vigwaza alikuja dirishani kupokea simu iliyomhusu mumewe, Mgeni, askari aliyekuwa ng'ambo. Simu ilisema hajulikani alipo. Mina akauliza, "Basi kafa?" Wazee waliokuja naye walikuwa wameshaanza kuinamisha vichwa, na nguo za eda walikuwa wamekuja nazo, nimeziona kwa macho yangu kwenye kikapu. Msabaha akamjibu, "Haikusema kafa, mwanangu. Wala haikusema yu hai. Imesema hajulikani alipo." Wazee walimkasirikia, wakamwambia hana utu. Mina akarudi Vigwaza bila kukaa eda, kwa kuwa hakupata mtu wa kumwambia kwamba ni mjane. Februari 1946 Mgeni alishuka kwenye lori Vigwaza, anachechemea, na begi lake begani. Mtoto wao wa kwanza baada ya vita anaitwa Msabaha. Hicho ni cheti ambacho hakijatundikwa ukutani, nami naomba kihesabiwe.

Yapo na mengine ya kuhesabu. Mafuriko ya Ruvu yalipoangusha nguzo, alitembea na mafundi siku nne kwenye tope mpaka waya ukasema tena. Amefundisha wapokea simu wanne, na wote wanne wana mwandiko unaosomeka, tofauti na wangu. Hajachelewa kazini, isipokuwa asubuhi moja alipozaliwa binti yake, na siku hiyo alichelewa dakika saba.

Mwezi uliopita tulianza makabidhiano. Mimi nilipewa vitabu vya sahihi nivikague, vyote, tangu mwaka 1925. Ni kazi ya kuchosha macho: simu, jina, sahihi, simu, jina, sahihi. Katika maelfu ya mistari niliukuta mmoja usio na sahihi. Ulikuwa wa tarehe 11 Agosti 1937. Chini yake kidogo, tarehe 18, sahihi ipo.

Nikamwuliza iko wapi karatasi yake. Msabaha alifungua droo ya chini, akatoa bahasha iliyogeuka rangi ya chai. Alikuwa ameikuta mfukoni siku ile aliyokwenda Kaole akikokota baiskeli. Hakuipeleka kwa sababu, alisema, ingemwumiza Bi Ashatu zaidi kuona kwa maandishi kwamba mama yake alikuwa hai. Nilimkasirikia, wenzangu. Sijapata kumkasirikia hivyo. Nilimwambia kwamba hilo ni kosa lile lile amelifanya mara ya pili, tena amelifanya miaka kumi na minane mfululizo, kuamua kwa niaba ya mwenye simu nini kitamwumiza. Nikamwambia, "Simu hii ina mwenyewe." Akauliza kama nitafuatana naye.

Kwa hiyo Jumatano, alipofunika kitufe na kuvaa kofia, hakwenda nyumbani. Kazi yake ya mwisho ilikuwa bado. Tulikwenda Kaole sisi wawili, yeye na bahasha, mimi na kitabu cha mwaka 1937 kwapani. Bi Ashatu alikuwa barazani, nywele zimeshaingia mvi. Msabaha alisalimu, akakataa kukaa, hakuomba maji. Akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, akamwambia hii ni simu yake ya tarehe 11 Agosti 1937, imechelewa, na aliyeichelewesha ni yeye.

Bi Ashatu aliigeuza geuza. Hakujua kwamba kitu hicho kipo. Miaka yote alidhani habari ile ilikuja kwa mdomo tu, kama alivyoipokea. Alinipa mimi niisome, si Msabaha. Nikaisoma: Mama hawezi njoo upesi. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akauliza kama limeandikwa kweli hilo neno la mwisho, au nimelitia mwenyewe kumfurahisha. Nikamwonyesha kwa kidole lilipo, na akaweka kidole chake pale pale.

Akasema, "Kumbe aliniita."

Mimi na Msabaha tulisimama pale barazani kama watu waliosahau walichofuata. Kisha Bi Ashatu akamgeukia Msabaha, kwa mara ya kwanza tangu tulipofika, akamwambia, "Na yale uliyotoka nayo Pangani, yaseme tena. Usiyapambe." Msabaha akavua kofia, akasema: Ashatu radhi zangu anazo. Hakuongeza kitu. Bi Ashatu aliyasikiliza akiwa ameishika ile karatasi kifuani, na machozi yalimtoka, na Msabaha naye yalimtoka, na mimi nisiseme. Halafu akaomba kitabu. Alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, polepole, kwenye mstari wake. Alipomaliza alimwambia Msabaha akae, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji.

Mtaniuliza maana yake ni nini, kama amesamehewa au hakusamehewa. Sijui. Kazi ya kueleza maana za watu nimeiacha. Nimewaambia lililosemwa na lililotendwa, na kitabu kipo mezani pale mbele, ukurasa umefunguliwa; hakina tena mstari mtupu. Bi Ashatu ndiye aliyeniruhusu kuyaandika haya, na amealikwa leo. Kiti chake ni kile cha mstari wa mbele, karibu na mlango.

Bwana Msabaha, tunakushukuru kwa miaka thelathini na miezi sita ya mkono wako. Mimi binafsi nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa, kwa lile neno nililotangulia kulisema mimi na ukalibeba wewe peke yako. Nenda Zinga, kapalilie minazi ya Mzee Mwinjuma, na ukisikia beni inapita usijifungie ndani. Tunakutakia afya, usingizi mzuri na maisha mema na marefu pamoja na wanao na wajukuu zako. Hatukuficha kitu ndani ya maneno haya, Bwana Msabaha. Yapokee kama yalivyo.